Simbamarara Aliyefunga Mdomo

Mwaka 1941 Sweden ilieneza bango la simbamarara mwenye milia ya buluu na manjano, rangi za bendera yake, likiwahimiza raia watunze siri za ulinzi. Lilichorwa na Bertil Almqvist. Mabango ya namna hiyo hukusanywa Stockholm hadi leo, na kila mkusanyaji hukabiliwa na swali moja: kukarabati ni kuokoa ukweli au kuufuta?

Karatasi ya massa ya mbao hugeuka manjano na kudhoofika, kwa sehemu kwa sababu ya asidi yake yenyewe. Fundi huiosha kwa maji, kisha huziba michaniko kwa karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, ambayo baadaye huweza kulowekwa ikabanduka. Hapo hakuna ubishi. Ubishi uko kwenye rangi iliyopauka. Azimio la Venice la 1964, ingawa liliandikwa kwa ajili ya majengo, linataka kazi ikome pale makisio yanapoanza. Nalo lina haki, kwa kuwa bango ni ushahidi wa wakati wake. Ukimya uliohubiriwa na simbamarara huyo ulienda sambamba na treni zilizopitisha wanajeshi wa Ujerumani nchini kati ya 1940 na 1943. Bango linalong'arishwa likawa jipya hubakiza wito na kupoteza wakati wake. Matundu ya pini yanathibitisha kwamba lilitundikwa, na huenda likasomwa, hata likatiiwa. Hayo yasizibwe.