Chumvi ya Chungu cha Mwingine

Wahenga walisema kwamba mwomba chumvi huombea chungu chake. Neno hili ni kweli kwa mtu aendaye kwa jirani na kijiko mkononi. Anakijua chungu chake, na akiomba kupita haja, mchuzi utamwonya jioni ile ile. Lakini iko kazi moja ambayo mtu huomba chumvi kwa ajili ya chungu kisicho chake. Kazi hiyo ni kuandika maombi ya ufadhili kwa ajili ya vyama na mashirika yanayohudumia watu bila kutafuta faida.

Kuandika ombi la namna hii si kujaza karatasi tu. Mwandishi hueleza shida ilivyo, watu wangapi imewapata, kazi itakayofanywa, muda wake, gharama yake, na dalili zitakazoonyesha kwamba kazi imefaulu. Kabla ya kuandika, yampasa kutafuta mfadhili ambaye nia yake inalingana na haja iliyopo, kisha kuitafuta kweli yenyewe kwa walimu, wauguzi, wazee na wenye shida. Hapo ndipo swali gumu linapozuka. Je, ni halali kuikuza shida ya maskini ili maskini asaidiwe?

Tuutazame mji wa Maua, katika nchi ya Igembe, kwenye milima ya Nyambene. Tangu mwaka 1928, Wamethodisti walipoanza kazi ya tiba huko, watu wa Maua wamezoea kuona fedha za mbali zikifanya kazi karibu. Aidha wameona riziki ikikatwa kwa amri ya mbali. Zao lao kuu ni miraa, na mwezi wa Juni 2014 Uingereza iliipiga marufuku. Kuanzia Machi 2020 hata Julai 2022, soko la Somalia nalo lilifungwa.

Tuseme kikundi cha akina mama hapo Maua kinataka kuwarudisha shuleni watoto walioacha masomo ili wachume miraa. Kinamwomba kijana aliyesoma akiandikie ombi. Kijana anazuru shule tatu, anapitia madaftari ya mahudhurio, na anahesabu watoto 40. Rafiki yake anamnong'oneza: “Andika 400. Mfadhili yuko mbali, hatakuja kuhesabu. Na useme kwamba wazazi wao hawajali.”

Hoja ya rafiki haifai kudharauliwa. Fedha ni chache na waombaji ni wengi. Ikiwa barua ya kweli itashindwa na ya uongo ikashinda, watoto 40 watabaki shambani. Mtoto hawezi kuandikia kwa unyofu wa mwandishi kama aandikiavyo kwa kalamu.

Hata hivyo, uongo huu una madeni matatu. Kwanza, mfuko wa mfadhili una kikomo. Aliyezidisha chumvi katika chungu chake amempunguzia mwingine aliyesema kweli. Pili, uongo huzaa. Aliyeomba kwa ajili ya 400 atadaiwa taarifa ya 400, na mwaka ukiisha ataandika majina ya hewa. Tatu, na hili ndilo zito kuliko yote, amewavunjia heshima wazazi ambao hawakumtuma kufanya hivyo. Mama aliyeuza mbuzi wake alipe karo ameandikwa kuwa mtu asiyejali, na hajui.

Wala uongo hauna haja ya tarakimu bandia. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilipata watu 1,545,714 katika Kaunti ya Meru. Tarakimu hiyo ni sahihi. Lakini mtu akiitaja ili watoto 40 waonekane kuwa maelfu, amedanganya kwa kweli.

Kinyume chake, kuificha shida nako ni kosa, kwa maana mficha maradhi kifo humuumbua. Basi mpaka uko wapi? Harambee, ambayo Jomo Kenyatta aliifanya mwito wa taifa mwaka 1963, inatufundisha. Katika mkutano wa harambee ya kijiji, mwenye shida huwapo akisikia shida yake ikitangazwa. Msemaji akipotoka, minong'ono itamrudisha. Ombi lipelekwalo ng'ambo halina minong'ono hiyo. Kwa hiyo yampasa mwandishi aulete mkutano huo yeye mwenyewe: awasomee akina mama maneno yote kwa Kimeru, na lile asiloweza kulisoma mbele yao, alifute.

Huenda wakamsahihisha. Huenda wakasema, “Sare tunazo, kinachowatoa watoto shuleni ni njaa ya mchana.” Ombi lililokosolewa hivyo huwa bora, maana linaomba kitu kinachohitajiwa. Na huenda wakauliza itakuwaje fedha zikikoma. Swali hilo si la bure. Tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Marekani aliamuru misaada ya maendeleo ya nchi za nje isimamishwe kwa siku 90 ili ichunguzwe, na kazi nyingi katika Afrika Mashariki zikasimama, njema na mbovu pamoja.

Ombi la kweli laweza kukataliwa, na tusijidanganye kwamba hasara hiyo ni ndogo. Lakini kikundi kitabaki na majina ya watoto 40, sababu za kuacha kwao shule, na mpango unaoweza kupelekwa kwenye mlango mwingine au kwenye harambee ya nyumbani. Ombi la uongo likikataliwa, halibaki neno la kutumia tena. Mtu aweza kuiweka rehani heshima yake mwenyewe akipenda. Heshima ya mwingine ni amana, na amana hairehanishwi.