Mkeka Uliotundikwa

Mlango uligongwa saa nne usiku. Alikuwa kijana wa ghorofa ya pili, aliyefiwa na baba yake jioni ile.

"Samahani dada, tunaomba mkeka kama unao. Kina mama wameanza kufika na hakuna pa kukaa."

Niligeuka, nikapita mbele ya mkeka wa bibi niliokuwa nimeutundika sebuleni, nikaenda jikoni, nikachomoa mkeka wa plastiki uliokuwa nyuma ya friji, nikampa. Alinishukuru sana. Alipoondoka nilibaki nimesimama nikiutazama ule wa ukutani, na kwa mara ya kwanza nikauonea haya.

Bibi aliusuka Pangani. Majani machanga ya mkindu hukaushwa na kuchanwa, mengine yakachemshwa na rangi. Kisha husukwa ukili, utepe mrefu na mwembamba, na kili hizo hushonwa moja baada ya nyingine mpaka mkeka upatikane. Ni kazi ya wiki nyingi, kazi ya mikono inayoendelea huku mdomo ukipiga soga. Bibi alipofariki niliuomba mkeka wake wa mwisho, nikauleta Dar es Salaam, nikaupigilia misumari minne kwenye ukuta mweupe wa nyumba ya kupanga. Kila mgeni aliusifu. Niliamini nimempa bibi heshima ambayo sakafu haikuwahi kumpa.

Shangazi alipokuja kunitembelea, hata kabla sijamaliza shikamoo, macho yake yalikuwa ukutani.

"Marahaba mwanangu. Mkeka huu umekosa nini mpaka ukatundikwa?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Nikamweleza kwamba naogopa utachakaa.

"Mama alisuka mikeka mingapi?" akauliza. "Yote ilichakaa. Ndiyo kazi yake."

Swali lake ndilo limenikalia kichwani: kukipenda kitu ni kukihifadhi au ni kukiacha kifanye kilichoumbiwa?

Ninao utetezi. Mkeka ulipokuwa sakafuni hakuna aliyeuliza nani kausuka. Tuliukalia, tukaumwagia chai, tukaukunja. Ulipopanda ukutani ndipo watu wakaanza kuuliza jina la bibi. Kutazama nako ni namna ya kushukuru, na kuna vitu ambavyo visingetufikia kama mtu asingeviondoa kwenye matumizi. Katika ngome ya Angers, Ufaransa, kuna mazulia makubwa ya ukutani ya karne ya 14 yanayosimulia Ufunuo wa Yohana. Wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa yalikatwa vipande. Vingine vikatandikwa chini, vingine vikafunika michungwa isipigwe na baridi. Katika karne ya 19 vilikusanywa na kushonwa upya, na bila hivyo leo tusingekuwa na cha kutazama.

Lakini utetezi huu una tundu. Mazulia yale yalisukwa yawe ukutani. Kuyarudisha huko ni kuyarudishia kazi yake. Mkeka wa bibi safari yake ni kinyume. Ulisukwa ili watu wakae pamoja, usawa mmoja, mwenye cheo na asiye nacho, kwenye maulidi na kwenye matanga. Niliupandisha hadhi kwa kuunyang'anya watu.

Kuna jambo jingine lililoniuma zaidi. Bibi hakuhitaji kuhifadhi mkeka kwa sababu alikuwa na mkono wa kusuka mwingine. Mimi nauhifadhi kwa sababu mkono huo sinao. Niliishi naye likizo baada ya likizo, akaniita nikae karibu nishike ukili, nikasema nitajifunza mwakani. Ninachokiita heshima ukutani kwa sehemu kubwa ni uvivu wangu wa zamani uliowekwa mahali pa kuonekana. Si kosa kupamba nyumba kwa kazi za mikono ya wazee wetu. Kosa ni kudhani kwamba kwa kupamba tumeshalipa deni.

Sijauondoa ukutani kabisa. Ningesema nimeuondoa ningekuwa najipamba mimi sasa. Ila niling'oa misumari, nikaweka kulabu, ili uweze kushuka kwa dakika moja. Siku ya arobaini ya yule mzee niliukunja, nikashuka nao ghorofa ya pili. Kina mama walijipanga juu yake, wakanyoosha miguu, na hakuna aliyeuliza nani kausuka. Mtoto mmoja aliumwagia uji. Nilijikaza nisiinuke kupangusa.

Doa limebaki, karibu na ukingo. Mgeni akiutazama sasa huniuliza kuhusu doa kwanza, kisha kuhusu bibi. Na mwezi ujao ninakwenda Pangani. Shangazi anasema vidole vyangu vimeshakakamaa, lakini atanishikisha ukili.