Mashua Iliyokauka kwa Kusubiri Bei

Mwenye mashua huyu wa Kilwa Kivinje hana jina, maana nimemuunda kutokana na wauzaji wengi. Ukishuka kutoka Somanga hadi Lindi mjini utamkuta katika kila bandari, ameketi kivulini karibu na chombo kilichopandishwa ufukweni, akingoja mtu wa kumpa bei anayoitaka.

Alikuwa na mashua ya mbao ya kuvulia dagaa, mashine ya Yamaha ya nguvu za farasi 40, nyavu na taa zake. Mwaka 2023, kaskazi ikielekea ukingoni, magoti yalimshinda akaamua kuuza. Akakaa barazani na daftari lake. Akaandika mbao za mvule, ujira wa fundi, misumari, mashine, nyavu, leseni za miaka yote, mpaka wali na nyama vya siku ya kushusha chombo majini. Jumla ikafika shilingi milioni 18. Akasema chini ya hapo atakuwa amekula hasara.

Daftari lilisema kweli, kila shilingi ilitoka mfukoni mwake. Lakini mnunuzi hahesabu ulichotumia wewe. Anahesabu misimu iliyobaki katika mbao zile, matengenezo atakayodaiwa kabla ya kuingia majini, na kile ambacho pesa hiyohiyo ingempatia kwa jirani. Mashua za kimo kile na umri ule zilikuwa zikiuzwa kwa milioni 11 au 12. Mzee hakulijua hilo kwa sababu aliulizia bei zinazotajwa, asiulizie bei zilizolipwa. Wauzaji watatu wakitaja milioni 17, na vyombo vyao vimelala mchangani tangu mwaka juzi, hao hawakufundishi soko. Wanakufundisha tu kwamba mko wanne.

Mnunuzi wa kwanza alivuka kutoka Mafia mwezi wa Ramadhani. Alizunguka chombo, akagonga mbao kwa ncha ya kisu, akatazama mkuku na mataruma, akaomba mashine iwashwe. Kisha akatamka milioni 12, taslimu. Mzee aliona ametukanwa. Mpwa wake, aliyekuwa nahodha wa mashua hiyo, akamvuta pembeni.

"Mjomba, huyu ana pesa mkononi. Mwambie 13, nadhani atafika."

"Mwanangu, chombo hiki ndicho kilichokusomesha wewe. Leo nikitoe kwa milioni 12?"

Namwelewa. Pwani yetu chombo kina jina, kina dua iliyosomwa juu yake, kina usiku wa dhoruba ambao mwenyewe anaukumbuka wimbi kwa wimbi. Ila kumbukumbu hizo zinabaki kwa mwenyewe hata chombo kikiuzwa. Mtu wa Mafia hakuzinunua, na hakuwa na sababu ya kuzilipia. Alifunga pesa zake kibindoni akarudi kwao, na tukasikia amepata mashua nyingine Kilindoni.

Hapo mzee akamkabidhi kazi dalali. Dalali hakupinga milioni 18. Aliongeza cha juu chake, wanunuzi wakawa wanasikia milioni 20. Wengi hawakufika hata kuitazama. Hili linaumiza kuliko mnunuzi anayeshusha bei, kwa sababu anayeshusha bei amekuja, mnaweza kuzungumza. Aliyekatishwa tamaa na bei kwenye simu hutamjua kamwe.

Kusi ikavuma, na mashua ikabaki nchi kavu. Wanaojua mbao wanajua kinachofuata. Chombo cha mbao kimezoea maji. Ubao ukilowa huvimba, ukabana na mwenzake. Kikikaa juani miezi, mbao husinyaa, mianya hufunguka, pamba ya kalafati hulegea ikachomoza, na misumari huanza kuliwa na kutu. Mashine isiyowashwa hushika chumvi ndani. Nyavu zilizorundikwa stoo zina wateja wao, panya. Kila mwezi mzee aliposema "nasubiri bei yangu", thamani ilipungua, na yeye aliendelea kutaja milioni 18 ileile.

Soko nalo lilikuwa likibadilika. Septemba 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alifika Kilwa Masoko kuweka jiwe la msingi la bandari ya uvuvi, na wavuvi wakaanza kukabidhiwa boti za kisasa za fiberi kwa mkopo usio na riba. Sisemi kila mvuvi alipata. Lakini mvuvi anayetumaini kupata fiberi hana haraka ya kutoa milioni nyingi kwa mbao zilizopasuka.

Novemba akaja mtu mwingine, akatoa milioni 9. Mpwa akasema wachukue. Mzee akajibu kwa namna iliyowanasa watu wengi kabla yake: "Nilikataa 12, nitauzaje 9?" Bei aliyoikataa ilikuwa imegeuka kuwa haki yake, kana kwamba yule mtu wa Mafia bado amesimama pale ufukweni na bunda lake.

Mikoa yetu ya kusini inalijua jambo hili kwa ukubwa wake. Msimu wa korosho wa 2017 kilo ilipanda minadani hadi shilingi 4,000 na zaidi. Oktoba 2018 wanunuzi walipokuja na bei za chini mno, wakulima walizikataa, wakiwa na bei ya mwaka uliotangulia kichwani. Novemba Serikali ya Rais Magufuli ikatangaza kuzinunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakaja kuzisomba. Sitawalaumu wakulima kwa kukataa kunyonywa. Lakini bei ya dunia ilikuwa imeshuka, na wapo waliongoja malipo yao kwa miezi mingi huku ada za shule na madeni ya dawa za mikorosho vikiwasubiri. Kama taifa zima lilipata shida kushindana na soko lililogeuka, mzee mmoja mwenye mashua moja angeshindana nalo kwa nguvu gani?

Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kikapiga pwani yetu. Barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ikakatika, na mtu wa Kibiti aliyekuwa ameahidi kuja na kishika uchumba hakufika, wala hakupiga tena simu. Mashua ililala ubavu, ubao wa chini ukapasuka. Juni mzee alitenganisha vitu: mashine milioni 3, mbao na nyavu milioni 2. Milioni 5, baada ya kukataa 12.

Weka kando yake mjane wa Kilwa Masoko aliyeachiwa mashua inayofanana na hiyo. Hakuanza na daftari la marehemu. Alimlipa fundi wa vyombo aikague kabla hajatangaza chochote, akaambiwa kalafati na ubao mmoja vitagharimu kama laki 8. Akawauliza wavuvi wa BMU, kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, ni mashua zipi tatu zilizouzwa karibuni na kila moja ilitoka kwa kiasi gani. Wastani ulikuwa milioni 12. Akatoa gharama ya matengenezo, akaongeza kidogo ya kupatana, akataja milioni 11 na laki 8, huku moyoni akiwa na 11. Aliiacha majini, ikitoka kuvua kila usiku wa giza, ili mnunuzi aione inafanya kazi. Na alitangaza Oktoba, wavuvi wakijiandaa kwa kaskazi, si mwezi wa kusi ambao hata mwenye pesa hana hamu ya bahari. Alimpa dalali asilimia inayojulikana, akamkataza cha juu mbele ya mashahidi.

Mnunuzi alipoanza kutaja kasoro, mama yule alimkabidhi karatasi ya fundi. "Baba, uliyoyaona na usiyoyaona yote yamo humo, na bei imeshayatoa." Walibishana kidogo kwa sababu ya desturi. Wakaandikiana mkataba wa mauziano mbele ya mtendaji wa kata kwa milioni 11 na laki 2, leseni na nyaraka za chombo zikiwa mezani. Zilikuwa zimepita wiki 3 tangu atangaze. Alikuwa amejipangia kwamba bamvua mbili zikipita bila mtu kuja, atashusha laki 5 bila kuona aibu, maana kimya cha wanunuzi nacho ni jibu.