Nafasi Ipo, Tuifungue

Ukuta wa nyumba yetu Mji Mkongwe, Unguja, ni ukuta wa jirani pia. Mtaa mzima ndivyo ulivyojengwa, nyumba zimeshikana ubavu kwa ubavu, na mzigo ninaouongeza juu ya dari yangu humfikia mwenzangu. Kwa hiyo familia ilipokaa kuzungumzia nyumba aliyotuachia marehemu babu, na wengi wakataka tuongeze ghorofa, nilikataa. Hata leo nakataa. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit el Ajaib, jumba alilojenga Sultan Barghash mwaka 1883, iliporomoka likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafariki. Anayeishi katika nyumba za mawe hana budi kulikumbuka hilo kabla ya kupandisha tofali moja juu.

Haja ya ndugu zangu naielewa: watoto wameoa, wajukuu wamekuja, kila mtu anataka pa kulala. Lakini nilipoizunguka nyumba pamoja na shangazi, tulikuta chumba kimoja cha chini kimejaa milango mibovu, kingine kimefungwa kwa unyevu, na ua wa ndani umeezekwa mabati ili liwekwe jiko. "Hapa tukilala mchana bila feni, mwanangu," akaniambia akiwa amesimama uani. Hewa iliyokuwa ikipanda uani na kuvuta upepo kutoka vyumbani ilikuwa imezibwa.

Chumba chenye unyevu ndicho kilichotupa kazi kubwa. Kuta hizi ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa udongo na chokaa, nene kiasi cha nusu mita, na kwa asili yake hunyonya maji kisha huyatoa. Ukizipaka chokaa, unyevu hupata njia. Ukizikandika saruji, maji hubaki ndani, chumvi hujikusanya, na baada ya masika kadhaa plasta huvimba na kubanduka pamoja na jiwe lenyewe. Tuliibandua saruji yote, tukaziacha kuta zikauke, ndipo fundi akaanza na chokaa iliyolowekwa shimoni wiki nyingi. Kabla ya hapo tulitengeneza paa na mifereji, maana ukuta hauponi wakati maji bado yanaingia kwa juu.

Dari zinabebwa na boriti za mikoko, ambazo kwa kawaida hazivuki upana wa mita tatu. Ndiyo sababu vyumba vyetu ni virefu na vyembamba. Nyingi zilikuwa zimeoza ncha tu, pale zinapoingia ukutani. Fundi alikata ncha hizo na kuzihamishia boriti kwenye chumba chembamba zaidi. Mpya tulinunua chache, na nilifurahi, kwa sababu mikoko ikiisha pwani, bahari itatula.

Chokaa nayo ina gharama yake: tanuri linakula kuni na kutoa moshi. Lakini saruji peke yake inachangia takriban asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu duniani, na ghorofa ambayo haikujengwa haikuhitaji hata mfuko mmoja. Vyumba viwili vimerudi, mabati ya uani yameondoka, jiko limehamia ilipokuwa stoo. Fedha nyingi ziliishia mikononi mwa fundi na vijana wake, na hilo naliona ni haki.

Nawaomba wenzangu wenye nyumba za urithi, hapa, Lamu na Mombasa: kabla ya kuagiza nondo, pandeni darini siku ya mvua mtazame maji yanapita wapi. Fungueni vyumba mlivyovifunga. Na mtafuteni fundi wa chokaa angali na nguvu, mpeni vijana awafundishe, mumlipe ujira wake kamili.