Amana ya Aliyelala

Nyumba za matofali za Uingereza, zile zilizojengwa zama za Malkia Victoria na miaka iliyofuata, zilikuwa na meko ukutani katika kila chumba cha maana, na juu ya meko dohani iliyopanda ndani ya ukuta hata paani. Na kwa muda wa vizazi vingi meko hayo yalilishwa makaa ya mawe, mpaka moshi wake ukageuka msiba wa taifa zima. Mwezi wa Desemba 1952, ukungu uliochanganyika na moshi uliifunika London tangu tarehe 5 hata tarehe 9, na hesabu ya wakati ule ilitaja watu wapatao 4,000 waliokufa kwa sababu yake, hesabu ambayo wataalamu wa baadaye waliiona kuwa pungufu sana. Bunge likatunga sheria ya hewa safi mwaka 1956, makaa yenye moshi yakaanza kukatazwa mtaa kwa mtaa, na wenye nyumba wengi, ambao hawakutaka kuziba meko waliyorithi kwa wazee wao wala kukosa mahali pa kuketi na aila zao wakati wa baridi, wakatia moto wa gesi ndani ya meko yale yale. Kisha, kati ya 1967 na 1977, gesi yenyewe ilibadilishwa: ile ya zamani iliyotengenezwa kwa makaa, ambayo ilikuwa na sumu hata kabla ya kuwashwa, iliondolewa, ikaletwa gesi ya asili iliyotoka chini ya Bahari ya Kaskazini. Watu wakashukuru, nao walikuwa na haki ya kushukuru. Lakini sumu iliyofukuzwa kwa mlango mmoja ilikuwa imebakiziwa mlango wa pili, kwa sababu gesi safi nayo ikiungua pasipo hewa ya kutosha huzaa kaboni monoksaidi, ambayo ndiyo sumu ile ile iliyokuwa katika gesi ya zamani, na dohani ikiziba sumu hiyo hurudi chumbani.

Swali ninalotaka kulipima ni la dini, lakini sipendi kulipima mbali na meko yenyewe. Mtu akilala katika chumba chenye moto huo, akavuta sumu usiku kucha, na asubuhi akakutwa amekufa, je, amefikiwa na ajali yake iliyoandikwa tangu azali, au ameuawa kwa mkono wa mtu? Waombolezaji, kwa huruma yao na kwa taadhima ya msiba, aghalabu hulijibu swali hili kabla halijaulizwa: ni kadari ya Mungu, wanasema, na kadari haina mlango wa kuiepa. Nami naamini kadari kama waiaminivyo wao. Ila nimeona kwamba neno hilo, likiwahi kutamkwa, humfunika mtu ambaye hakustahili kufunikwa. Hakuna kadhi aliyepata kumwachia mwuaji kwa hoja ya kwamba maiti alikuwa amekwisha andikiwa siku yake. Ajali ya marehemu ni jambo baina yake na Mola wake. Dhamana ya kifo chake ni jambo jingine, nalo lina mwenyewe hapa duniani.

Uzito wa dhamana hii unatokana na tabia ya sumu yenyewe. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Ikiingia mapafuni huishika damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na mwili hunyimwa pumzi ilhali kifua kinapanda na kushuka kama kawaida. Mwanachuoni John Scott Haldane, aliyefanya kazi Oxford katika miaka ya 1890, aliivuta yeye mwenyewe kwa makusudi na kuipima damu yake apate kujua inavyofanya kazi, kisha akawashauri wachimba makaa wa Uingereza wachukue wanyama wadogo wa kuwaonya chini ya ardhi. Ndege wa kanari walifanya kazi hiyo katika migodi ile hata mwaka 1986. Aliye macho huumwa na kichwa, hutaka kutapika, huchoka pasipo sababu, hudhani ana homa ya mafua, naye akitoka nje hupata nafuu asijue ni kwa nini. Aliyelala hana hata onyo hilo. Ile harufu kali tunayoijua katika gesi ni dawa inayotiwa makusudi ili gesi ikivuja pua ijue, na huteketea pamoja na gesi inapoungua. Basi pua inatulinda na bomba lililopasuka, haitulindi na moto ulioungua vibaya.

Kwa hiyo mtu anayekwenda kulala huku moto umewashwa, au umezimwa katika chumba hiki ilhali wa jirani unawaka nyuma ya ukuta ule ule, amejikabidhi. Hana jicho, hana pua, hana akili ya saa ile. Amejikabidhi kwa Mungu, naam, lakini pia amejikabidhi kwa fundi aliyekuja siku moja na mfuko wake wa vyombo, akafanya kazi mahali ambapo mwenye nyumba hatapaona tena maisha yake, akaondoka.

Afadhali nieleze kazi hiyo ilivyo, maana hukumu ya jambo haijulikani ila kwa kulijua jambo. Kabla ya moto wa gesi kuingizwa, dohani iliyokuwa ya makaa sharti izibuliwe na kufagiliwa, kwa sababu ndani yake mna masizi, chokaa iliyobanduka, na mara nyingi tundu la ndege, ambao hurundika vijiti humo mpaka pakaziba kabisa. Kisha fundi huwasha kidonge cha moshi ndani ya meko, akatoka nje kutazama juu: moshi lazima utoke katika mdomo wa dohani ile peke yake, usitoke katika dohani ya jirani, wala usionekane ukivuja katika vyumba vya juu au darini. Meko hufungwa kwa bamba la chuma, na kingo zake huzibwa kwa utepe maalumu unaostahimili joto. Nyuma ya bamba, chini ya koo linalopitisha moshi wa gesi, huachwa nafasi, kwa kawaida ya sentimita 25 kwenda chini katika dohani ya matofali ya zamani, ili takataka zitakazoanguka miaka ijayo zipate pa kulala zisizibe koo lile. Katika bamba hilo, upande wa chini, mna tundu lililokatwa kiwandani kwa kipimo, ambalo huingiza hewa ya kusawazisha mvuto wa dohani. Fundi asiyejua maana yake huliona kuwa kasoro, akalibandika utepe kwa nia njema kabisa. Na huo ndio mfano wa nia njema isiyo na elimu.

Halafu inakuja saa ya kupima. Bomba hujaribiwa kwa geji kama linavuja, msukumo wa gesi hupimwa, kisha milango na madirisha hufungwa yote, moto ukawashwa kwa nguvu zake zote, na fundi akangoja dakika tano hivi. Ndipo huwasha kijiti kinachotoa moshi mweupe, akakishika karibu na ukingo wa juu wa kifaa, pale hewa ya moto inapoingia dohani. Moshi ule mwembamba ukivutwa ndani, dohani inafanya kazi. Ukirudi chumbani, hata kidogo, moto huo haufai kuachwa unawaka, na kama marudio ya jaribio hayabadili neno, kifaa hukatwa gesi siku ile ile. Tena, kama jikoni mna feni ya kutoa mvuke, jaribio hurudiwa feni ikiwa inazunguka na mlango wa kati uko wazi, kwani feni hiyo ina nguvu ya kuipindua dohani na kuvuta sumu kwenda kwa watu. Jambo hili la feni hunishughulisha kuliko mengine yote. Fundi mwenye haraka huliruka, na hakuna mtu chumbani ajuaye kwamba limerukwa.

Mtume Muhammad, kama ilivyopokewa katika hadithi sahihi, alipoelezwa habari ya nyumba ya Madina iliyoungua usiku na watu wake ndani, hakukomea kwenye pole. Aliwaambia watu kwamba moto ni adui yao, wauzime wanapolala, na mahali pengine akataja hata panya, jinsi anavyoweza kuburura utambi wa taa na kuwateketeza wenye nyumba. Naye ndiye aliyewafundisha kutawakali. Torati, ambayo Wayahudi na Wakristo wanaisoma, katika Kumbukumbu sura ya 22, inamwamuru ajengaye nyumba mpya aweke ukuta mdogo pembeni mwa paa, asije akailetea nyumba yake damu ya atakayeanguka. Anayeamriwa hapo ni mjenzi, wala haikungojwa mtu aanguke kwanza.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alizigawa sababu katika mafungu matatu alipoandika juu ya tawakali katika Ihyaa yake: za yakini, za dhana yenye nguvu, na za wahamu tu. Kuziacha zile za wahamu ndiko kutawakali. Kuziacha zile za yakini ni ujinga. Na alipofikia kujikinga na madhara, alimtaja mtu anayelala katika njia ya mafuriko, au chini ya ukuta ulioinama na dari iliyovunjika, akamhukumu kuwa amejitia katika maangamizi pasipo faida. Mtu aweza kunijibu kwamba ukuta ulioinama unaonekana, ilhali dohani iliyoziba haionekani, basi hofu yake ni katika wahamu na mwumini aipuuze. Hoja hiyo si dhaifu, na nimeitafakari sana. Lakini wahamu ni hofu isiyo na dalili wala njia ya kuihakikisha; dohani ina njia ya kuihakikisha, nayo ni kijiti cha moshi na robo saa ya subira. Mtu aliyepewa njia ya kujua, akakataa kuipita, hawezi kudai mbele ya yeyote kwamba hakujua. Ujinga wake ameuchagua.

Upo upande wa pili wa mizani hii, nao insafu yataka utajwe. Alfajiri ya tarehe 16 Mei 1968, katika jengo la Ronan Point, mashariki ya London, lenye ghorofa 22, mama mmoja wa ghorofa ya 18 aliwasha kiberiti apike chai, gesi iliyokuwa imevuja ikalipuka, na pembe nzima ya jengo ikaporomoka. Yeye alinusurika, watu wanne waliokuwa katika nyumba nyingine walikufa. Uchunguzi ulikuta kwamba nati ya shaba iliyounganisha jiko lake ilikuwa dhaifu kuliko ipasavyo, na tena kwamba jengo lenyewe halikuwa na uwezo wa kustahimili kupotewa na ukuta mmoja. Mama yule hangeweza kuijua nati, na nani atamlaumu? Hapo ndipo neno kadari lina mahali pake kwa upande wake. Ila waliosanifu jengo hawawezi kuingia chini ya mwavuli huo huo, na waliokufa hawakuwa na moto wowote wa kuulinda usiku ule. Anayesema nyumba ni yangu na roho ni yangu, acha nijaribu bahati yangu, amesahau kwamba dohani za nyumba zilizopangana hupanda ndani ya ukuta mmoja, na ufa katika matofali humpelekea mtoto wa jirani sumu ya moto asiouota.

Mafakihi waliliona hili mapema. Imepokewa kwamba anayetibu watu hali hajulikani kwa utabibu ni dhamini wa madhara atakayoleta, na imepokewa kwamba Sayidina Ali aliwatwika mafundi dhamana ya mali za watu zilizo mikononi mwao, kwa kuwa mambo ya watu hayatengemai bila ya hivyo. Ikiwa nguo iliyopelekwa kwa mshonaji ina dhamini, roho ya aliyelala itakosaje? Sheria za Uingereza zimefika pale pale kwa njia yake: afanyaye kazi ya gesi kwa ujira katika nyumba za watu sharti awe ameandikishwa, na tangu tarehe 1 Aprili 2009 daftari hilo, kwa Uingereza, Wales na Uskoti, linaitwa Gas Safe Register. Sioni kwamba daftari linatosha, maana kitambulisho hakimzuii mtu kuiruka feni. Lakini anayeajiri fundi asiyeandikishwa kwa ajili ya kupunguza gharama, kisha akalaza wageni katika chumba hicho, mimi namhesabu mshirika katika dhamana.

Wala mambo haya si ya Ulaya pekee. Katika nyanda zetu za baridi, kutoka Njombe hata Limuru, watu huingiza jiko la makaa chumbani, wakafunga mlango na dirisha, wakalala. Na sumu inayowaua ni hiyo hiyo, haina tofauti na ya dohani iliyoziba, isipokuwa hapa mwenye kuwasha na mwenye kulala aghalabu ni mtu mmoja pamoja na wanawe.

Ndugu zetu mnaokaa Uingereza, wengi wenu katika nyumba za kupanga, nawasihi kwa jambo lililo katika uwezo wenu. Fundi akija, mwombeni kitambulisho chake mkigeuze nyuma, kwani huko pameandikwa aina za kazi alizoruhusiwa. Simameni naye anapowasha kijiti cha moshi, na mwambieni awashe na feni ya jikoni. Nunueni king'ora cha kaboni monoksaidi, kiwekwe katika chumba chenye moto, mita moja hadi tatu kutoka kwenye kifaa. Na mwenye nyumba analazimika kisheria kukagulisha moto wake wa gesi kila baada ya miezi 12, na kumpa mpangaji nakala ya hati ya ukaguzi katika muda wa siku 28. Kama hamjaiona hati ya mwaka huu, idaini.