Waheshimiwe wangali hai

Kumzomea mpinzani hakuhitaji moyo. Upande wako wote utakupigia makofi. Ujasiri huanza unapowakosoa wale unaokula nao, wenye uwezo wa kukunyima tiketi ya chama kesho. J.M. Kariuki alikuwa mbunge wa KANU, chama kilichotawala Kenya wakati huo, lakini hakunyamaza kuhusu ardhi iliyoishia mikononi mwa wakubwa wa serikali yake mwenyewe. Machi 1975 akauawa. Leo hospitali ya Ol Kalou ina jina lake, na ni haki yake kabisa. Ila wapo walio hai: mbunge aliyepiga kura kinyume na amri ya chama, waziri aliyejiuzulu asitie saini asichokiamini. Hao wapeni tuzo sasa, na uchaguzi ukifika wapeni kura hata kama chama kimewatema.