Aliyeufunga Mdomo

Kabla sijakwenda kuongoza chuo cha ualimu, nilifundisha Nkololo mtoto mwenye mdomo wa sungura. Wengine walisema ni laana. Kumbe ni pande za mdomo tu, ambazo hazikuungana katika majuma ya mwanzo ya mimba. Mimi sikumcheka. Nilimkalisha nyuma, nisimwite kamwe kusoma kwa sauti, nikaiita huruma.

Alipelekwa Bugando, Mwanza, akashonwa. Aliporudi darasani alinyosha mkono: “Mwalimu, leo nisome mimi?” Akasoma bila kukwama. Kaakaa lake lilikuwa zima. Kusoma alijua siku zote.

Upasuaji ule ni neema kubwa. Lakini, ndugu msomaji, mtoto asiyefika Bugando je, asisikike? Daktari alimshona mdomo. Aliyekuwa ameufunga ni mimi.